Sindano Iingie Mpaka Wapi?

Mbwa alikuwa amelazwa ubavu juu ya gunia tupu la makaa, chini ya mwembe wa nyuma ya nyumba, kule Katuba, Lubumbashi. Goti lake la nyuma, la kulia, lilikuwa limejaa, na ukiligusa lina moto. Kijana wa nyumba alimshika kichwa akimsemesha polepole. Nilikuwa nimekwisha kuchoma sindano mbili za akupancha, ile tiba ya Kichina ya sindano zisizo na dawa ndani. Ya tatu ilikuwa kwenye vidole vyangu, tayari kuingia chini kidogo ya goti, upande wa nje, pale ambapo msuli wa mbele wa muundi unaanza kunenepa.

Mzee mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Tangu nifike hakuwa ametamka neno zaidi ya salamu.

"Docta, iyo sindano iko naingia mpaka wapi?"

"Kidogo tu, Papa."

"Kidogo ya nani? Ya mbwa ao ya mbuzi?"

Kijana alicheka. Mzee hakucheka. Akaniambia kwamba yeye alitoboa mwamba Kipushi, chini ya ardhi, mpaka mgodi uliposimama mwaka 1993. Kule mtu akisema "kidogo", bashefu, wakubwa wa kazi, wanamuuliza meta ngapi, kwa sababu jiwe linabadilika kadiri unavyoshuka. "Juu unapata jiwe ya kijani. Shuka, unapata ingine. Tundu ni moja, lakini majiwe si moja."

Nikachoma sindano ya tatu. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu.

Hiyo ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi ya baridi kali. Swali lake limelala nami na kuamka nami tangu siku ile.

Daftari langu

Jioni nilifungua daftari la kazi. Nilijifunza tiba ya sindano kwa mganga wa wanyama wa Kichina aliyekuwa akiwahudumia mbwa wa ulinzi hapa Lubumbashi, mtu mpole, mwenye mikono ya kutulia. Alinionyesha mahali pa kuchoma, akanipa muda wa kuacha sindano, akanifundisha kuizungusha. Yote nimeyaandika: jina la nukta, yaani mahali pa kuchoma, dakika, idadi ya vikao.

Kina cha sindano hakimo. Hata mara moja.

Nimekaa miaka minne nikiandika kila kitu isipokuwa kile ambacho mtoboaji wa mwamba alikiuliza kwanza.

Naomba nieleweke. Sindano hizi sizitumii badala ya dawa, na jeraha lenye usaha silitibu kwa akupancha. Nazitumia kwa viungo vya mbwa wazee, kwa migongo, kwa magoti yanayovimba na kurudi tena, pale ambapo vidonge vimeanza kumchosha mnyama tumbo. Wenye mbwa wengi huniambia wameona nafuu. Mimi pia nimeona. Lakini macho yanayotaka kuona nafuu huiona upesi, na hilo nitalirudia.

Utando mweupe

Nenda kwa wauza michopo wakati mbuzi anachunwa, kabla nyama haijafika motoni. Ngozi ikivutwa utaona kitu cheupe, chembamba, kinachong'aa, kimeishika ngozi na nyama kama kitambaa cha buibui kilicholoweshwa. Mchinjaji hukipitishia kisu bila kukitazama. Chini yake kuna utando mwingine, mgumu zaidi, unaofunga kila msuli peke yake. Ukiutoa msuli, unakuta utando wa mwisho, ule uliougandamia mfupa.

Sindano inayoshuka kwenye mguu hupita hivyo hivyo: ngozi, utando laini, utando wa msuli, nyama, utando wa mfupa. Kila tabaka lina neva zake, na neva hizo hazisemi neno moja.

Sasa chukua milimita 1.5. Kwenye mguu wa panya mdogo wa maabara, mwenye uzito wa gramu 25 hivi, kina hicho kimeshavuka ngozi na kuingia kwenye nyama. Ngozi ya mbwa peke yake ina unene wa kati ya nusu milimita na milimita 5, kutegemea sehemu ya mwili na aina ya mbwa. Milimita 1.5 zile zile, kwa mbwa wa Katuba mwenye kilo 30, zinaweza kuishia ndani ya ngozi bila kufika popote.

Kidogo ya nani?

Wachina wa kale walilifikiria swali hili kabla ya Kipushi kuwa Kipushi. Kipimo chao, cun, si kipimo cha fundi seremala. Ni upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo mtoto ana cun yake na jitu lina yake. Na maandiko yao ya zamani yanasema wazi kwamba kuna ugonjwa wa juu na ugonjwa wa ndani, na sindano ifike palipo na ugonjwa, isipitilize. Mwalimu wangu huenda aliniambia hayo. Kama aliniambia, basi sikuyaandika.

Mguu wa panya

Nilianza kusoma usiku, kwa simu, umeme ukiwapo na usipokuwapo. Nilitaka kujua kitu kimoja: katika wanyama, kina cha sindano kinabadilisha uvimbe au hakibadilishi?

Wanaopima uvimbe maabara wana njia yao, na imekuwa ile ile tangu mwaka 1962. Panya huchomwa kwenye wayo kwa karajini, kitu kinachotolewa kwenye mwani mwekundu, jamaa ya ule ambao kina mama wa Zanzibar wanaulima. Baada ya saa chache wayo unavimba, unakuwa mwekundu, wa moto, wenye maumivu. Huo ndio mwako, na dalili zake nne waganga wamezihesabu kwa karne nyingi. Kisha mguu unazamishwa kwenye chombo chenye maji, na maji yanayopanda ndiyo kipimo cha uvimbe. Ni njia rahisi na ya kweli. Niliipenda, ingawa nilimhurumia panya.

Kazi ya kwanza iliyonisimamisha ilitoka mwaka 2010, kwa Maiken Nedergaard na wenzake wa Rochester, Marekani. Walitumia nukta ile ile niliyomchoma mbwa, Zusanli, chini ya goti. Sindano iliingia milimita 1.5, ikazungushwa kila baada ya dakika 5 kwa nusu saa. Kuzunguka sindano, adenosini, kemikali ambayo seli huitoa zinapoumizwa kidogo, ikapanda mara 24 hivi. Wayo wa panya ulikuwa na mwako wa kupandikizwa, na maumivu yakapungua. Panya waliozaliwa bila kipokezi cha adenosini, yaani sehemu ya seli inayoipokea, hawakupata nafuu yoyote.

Nilifurahi. Halafu nikaisoma tena nikaona kwamba walichopima ni maumivu. Mguu unaweza kuacha kuuma huku umebaki umevimba, na kila aliyewahi kumpa mbwa dawa ya maumivu anajua hivyo.

Ya pili ni ya 2014, ya kundi la Luis Ulloa. Wao walipitisha umeme mdogo kwenye sindano. Panya walikuwa wametiwa sumu ya bakteria, mwili mzima ukiwaka. Ishara ilitoka mguuni kupitia neva ya nyonga, ikafika kwenye neva ya vagasi, ile ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, ikaziamsha tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Tezi zikatoa dopamini, na mwako ukashuka. Panya walioondolewa tezi hizo, sindano haikuwafaa.

Yaani sindano ya mguuni inafanya kazi kwa kuzungumza na tezi zilizo karibu na figo. Hapo niliweka simu chini nikatoka nje kupata hewa.

Bado sikuwa na jibu la Mzee. Hizi zilinieleza njia ya ishara. Hazikunieleza tabaka.

Tabaka

Jibu lilikuja na kazi ya 2021, ya Qiufu Ma na wenzake. Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupokea.

Walitafuta ni neva zipi hasa zinazoiamsha vagasi sindano inapoingia Zusanli. Wakapata aina moja ya neva za hisia, zenye alama ya PROKR2. Neva hizo, kwenye mguu wa nyuma, zimejisambaza kwenye nyuzi na tando za ndani, hadi ule utando uliougandamia mfupa. Tando za tumbo hazina. Walipoziua neva hizo, umeme mdogo kwenye Zusanli haukuiamsha vagasi tena, adrenali hazikutoa kitu, na mwako wa sumu haukupungua. Walipoziamsha neva hizo peke yake kwa mwanga, bila umeme, njia ile ilifunguka. Tena, ramani ya zilipo neva hizo ilitosha kubashiri ni sehemu gani za mwili sindano yenye umeme mdogo itatuliza mwako na ni zipi haitatuliza.

Basi si mahali tu. Ni mahali, na chini yake kuna nini.

Sindano inayoishia kwenye ngozi ya Zusanli na sindano inayoshuka hadi karibu na mfupa wa Zusanli zina jina moja kwenye daftari langu. Kwa mwili wa mnyama ni matibabu mawili. Mzee alikwisha kunieleza hilo kwa lugha ya mwamba.

Kulikuwa na furaha kubwa katika kulielewa jambo hili, sitaificha. Niliamka alfajiri nikaenda kuupapasa muundi wa mbwa wangu mwenyewe, nikitafuta kwa kidole mahali mfupa unapoanza.

Kazi niliyoisoma nikiwa nimechelewa

Furaha ile haikudumu, kwa sababu kuna kazi ya kabla yake, ya 2020, ya kundi hilo hilo, ambayo nilipaswa kuianza.

Humo walilinganisha nguvu za umeme. Umeme wa nusu miliampea kwenye mguu ulipitia njia ya vagasi na adrenali, ukatuliza mwako. Umeme mkali, miliampea 3, kwenye tumbo ulipitia njia nyingine, ya uti wa mgongo hadi wengu. Njia hiyo ya pili ina sura mbili. Panya akichomwa kabla ya kutiwa sumu, mwako unapungua. Akichomwa baada ya sumu kukolea, mwako unaongezeka.

Unaongezeka.

Nataka msomaji asimame hapa kama nilivyosimama mimi. Wengi wetu tunaitetea tiba hii kwa kusema angalau haidhuru. Nimesema hivyo mbele ya wateja, kwa moyo safi. Kumbe sindano yenye nguvu ya kutuliza ina pia nguvu ya kuchochea, ikitegemea imefika wapi, kwa ukali gani, na mnyama alikuwa katika hali gani ilipomkuta. Na mnyama anayeletwa kwangu haletwi kabla ya kuvimba. Analetwa ameshavimba.

Ni kweli, mimi situmii miliampea 3 kwenye tumbo la mbwa, na goti bovu si sumu ya bakteria kwenye damu. Tofauti hizo nazijua, na zilinituliza kidogo. Hazikunituliza kabisa.

Wiki ile nilikataa wateja wawili wa sindano. Niliwapa ushauri mwingine, sikuwatoza.

Sindano ya kulinganishia

Kuna jambo lingine ambalo kina kinaligusa, na wengi wanaobishana juu ya akupancha hulipita haraka.

Ili kujua kama tiba ni ya kweli, watafiti huilinganisha na tiba ya bandia. Ujerumani walifanya hivyo kwa watu 1,162 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, matokeo yakachapishwa 2007. Kundi moja lilichomwa kwenye nukta za Kichina, kina cha milimita 5 hadi 40. La pili lilichomwa nje ya nukta hizo, kijuujuu, milimita 1 hadi 3. La tatu lilipata dawa na mazoezi ya kawaida. Waliopata nafuu baada ya miezi 6 walikuwa asilimia 47.6, 44.2 na 27.4.

Wanaoipinga akupancha husoma tarakimu mbili za kwanza na kusema: mnaona, nukta si kitu. Wanaoitetea husoma ya tatu na kusema: mnaona, sindano zinashinda vidonge.

Mimi nauliza swali la Mzee. Ile ya kijuujuu, imeingia mpaka wapi? Milimita 3 imeshapita ngozi sehemu nyingi za mwili wa mtu, imegusa utando laini. Na utando huo haukai kimya. Mtafiti Helene Langevin, akiwa Vermont, Marekani, alionyesha kwamba sindano ikizungushwa, nyuzi za utando hujisokota kuizunguka kama tambi kwenye uma, ndiyo maana daktari huhisi sindano imeshikwa. Katika tishu za panya, seli za utando hubadilika umbo hata sentimita kadhaa kutoka pale sindano ilipo.

Kwa hiyo "bandia" ile nayo ni sindano, imefika tabaka jingine. Anayelinganisha sindano ya ndani na ya juu hajalinganisha tiba na hewa tupu. Nadhani hoja hii ni nzito. Nadhani pia inaweza kugeuka kichaka cha kujificha, kwa sababu tiba ambayo kila bandia yake inafanya kazi haiwezi kushindwa kamwe, na kitu kisichoweza kushindwa mimi nakiogopa. Pengine wagonjwa wa makundi yote mawili walipona kwa sababu mtu aliwagusa na kuwasikiliza.

Na mbwa? Mbwa hajui kama amechomwa ndani au juu. Lakini anajua kwamba ameshikwa. Mnyama akishikwa kwa nguvu huingia hofu, na hofu humwaga homoni za adrenali ambazo zenyewe hupunguza uvimbe. Panya aliyefungwa mikono na miguu ili achomwe anaweza kuonyesha wayo mdogo hata kama sindano haikuingia kabisa. Ndiyo maana maabara nzuri huwa na panya wanaoshikwa vile vile bila kuchomwa.

Mimi sikuwa na mbwa wa namna hiyo.

Utepe wa fundi

Nilirudi Katuba baada ya wiki tano. Mbwa alitembea vizuri zaidi. Kijana alifurahi, akanipa mkono mara mbili.

Nikajiuliza nimefanya nini hasa. Nilimchoma sindano mara tatu. Nilimwagiza kijana amfunge mbwa asikimbie nyuma ya pikipiki. Nilimpa pia dawa ya mwako kwa siku 5. Mambo matatu kwa pamoja, na goti sikulipima hata siku moja. Nililitazama tu, kwa macho yale yanayotaka nafuu.

Nilimweleza Mzee yote. Nilimweleza tabaka, neva za utando wa mfupa, panya wa 2020 ambao mwako wao uliongezeka. Nilikuwa na wasiwasi kwamba atasema docta huyu hajui kazi. Alisikiliza bila kunikatiza, akimkuna mbwa nyuma ya sikio.

"Sasa kwa uyu mbwa, mulifika ku jiwe gani?"

"Sijui, Papa. Nadhani nyama. Sikufika mfupani."

"Basi andika ivyo."

Akamtuma mjukuu wake kwa jirani mshonaji, akarudi na utepe wa kupimia, ule wa manjano. Mzee mwenyewe aliushika upande mmoja, mimi wa pili, tukauzungusha goti la kulia, kisha la kushoto. Kulia sentimita 27, kushoto 25. Tulikubaliana hivi: wiki mbili bila sindano, mbwa akae amefungwa vile vile, kijana ampime kila Jumatatu asubuhi na kuandika. Baadaye wiki mbili za kumlaza juu ya gunia na kumshika kama kawaida, bila kumchoma. Kisha wiki mbili za sindano, bila umeme, kina kiandikwe. Mbwa mmoja hathibitishi kitu mbele ya wasomi. Ila ni mbwa mmoja zaidi kuliko niliokuwa nao.

Kwenye daftari nimechora safu mpya baada ya jina la nukta. Juu yake nimeandika "mpaka wapi", na chini yake, kwa tarehe zote za mwezi wa sita, nimeandika "nyama, nadhani".

Jumatatu iliyopita kijana alinipigia simu. Sentimita 27.